Pole Iliyotangulia

Hakuna kilichoibwa, hakuna kilichovunjwa, na hakuna aliyeguswa hata unywele. Viti viwili tu vilikuwa vimehamishwa.

Inspekta alisimama mlangoni mwa chumba cha daktari, mikono nyuma, akavitazama viti vile kama anayetazama wageni walioingia bila hodi. Kiti cha daktari, chenye mto wa kushonwa kwa mkono, kilikuwa kimesukumwa hadi pembeni, kikabanwa kati ya meza na ukuta. Kiti cha mgonjwa kilikuwa katikati ya njia, karibu na mlango.

"Nieleze tena, daktari. Taratibu, maana kichwa changu siku hizi hakipendi kukimbizwa."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, koti lake jeupe limenyooshwa vizuri. Ndiye daktari pekee wa zahanati ile. Alikuwa akiongea kwa utulivu, lakini vidole vyake vilikuwa vikisokota mpira wa kifaa cha kusikilizia mapigo, vikiusokota na kuusokotoa.

"Mwezi uliopita tulikuwa na semina juu ya wagonjwa wanaotisha. Tukaambiwa, daktari akae karibu na mlango, mgonjwa akae ndani. Akipandwa na hasira, wewe unatoka. Nikarudi hapa, nikageuza meza, nikageuza viti."

"Nani alijua sababu?"

"Hakuna. Binti wa mapokezi nilimwambia jua linanipiga machoni."

"Na leo?"

"Leo mchana nimetoka kwenda kula. Nimefunga kwa ufunguo, na ufunguo ninao mimi. Nimerudi, nimefungua, nikaingia nikaketi kwa mazoea tu, akili yangu ikiwa kwa wagonjwa." Alinyoosha kidole mlangoni. "Nilipokwisha kuketi ndipo nikaona mlango uko mbali."

Inspekta alikwenda akakiketia kile kiti cha pembeni. Kushoto ukuta, nyuma ukuta, mbele meza. Kutoka pale mpaka mlangoni ilibidi upite kwanza kwenye magoti ya mgonjwa.

"Nilipopiga simu kituoni kwenu," daktari alisema, "nilisikia mtu akicheka."

"Ulisikia sawasawa. Mkuu wangu amesema leo ni kesi ya viti, kesho tutaletewa kesi ya meza na vitanda." Inspekta aliinuka akijipangusa sketi. "Mimi sicheki."

"Afande, nitasema ukweli wangu. Mkono wa daktari ukianza kuogopa kumshika mgonjwa, kazi imekwisha. Tangu mchana nimewaona wagonjwa wangu nikiwa nimesimama wima kama mlinzi. Nikishindwa kukaa humu ndani, nitafunga, nitaondoka. Na lile benchi pale nje unaliona."

Inspekta alikuwa ameliona. Lilijaa watu waliobanana, na waliokosa nafasi walikuwa chini, migongo ukutani. Binti wa mapokezi alikuwa amempa mzee mwenye kikohozi kiti chake mwenyewe, na sasa alikuwa akifanya kazi yake akiwa amesimama, kiwiko juu ya dirisha dogo, wala hakuna aliyemwambia asante. Zahanati nyingine ilikuwa mbali, mwendo ambao mtu mwenye afya huuona mrefu, sembuse mwenye homa.

Aliikagua kufuli ya mlango. Ilikuwa nzima, bila mkwaruzo. Akaenda dirishani. Vioo vilikuwa vimeachwa wazi kwa ajili ya joto, na nje yake kulikuwa na fremu ya wavu wa mbu iliyofungwa kwa skrubu ndogo. Inspekta alivaa miwani, akazunguka kwa nje, akasogeza pua karibu na mbao.

Fremu yote ilikuwa imepakwa rangi miaka mingi iliyopita, na rangi ile ilikuwa imeviziba vichwa vya skrubu. Sasa haikuwa imeviziba tena. Ilikuwa imechokolewa kwenye kila kichwa kwa kitu chembamba, safi kabisa, bila kukwaruza mbao. Mtu alikuwa ameifungua fremu, akaingia, akafanya alichokijia, akatoka, akaifunga tena. Hata skrubu hazikulegea.

"Huyu hakuwa na haraka," Inspekta alisema.

"Upande huu ni bustani na ukuta," daktari alijibu. "Saa ya chakula hapapiti mtu."

* * *

"Mimi ningekuwa wewe nisingejisumbua, mama," binti wa mapokezi alisema. "Ni Ngurumo yule. Nani mwingine? Alisimama hapa, benchi zima likiwa shahidi, akasema atamvunja daktari mkono na mguu. Akapiga benchi teke mpaka mguu wake ukang'oka. Wa benchi, si wake."

Ngurumo alikuwa fundi wa matairi ya malori, na jina lile alipewa kwa sababu ya sauti. Inspekta alimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa chini ya lori akimfokea mtu ampe jeki, na alipotoka akawa mtu mkubwa, mweusi kwa grisi, mwenye macho ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Nimekuja kwa ajili ya zahanati."

"Nilijua tu! Nilijua siku moja nitafuatwa." Alijipiga kifuani. "Nilisema, mama. Sikatai. Nilisema nitamvunja."

"Kwa nini?"

"Mama yangu alikuwa anatapika kwenye benchi. Anatapika, watu wanapita. Nikaona dunia nzima imemkalia kimya. Nikafoka. Mimi nikiogopa nafoka, ndivyo nilivyoumbwa."

"Na leo mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa chini ya lori. Muulize dereva, ananiudhi tangu asubuhi."

"Kaniudhi yeye!" dereva alijibu akiwa ndani ya gari. "Kanishikilia hapa tangu jua halijapanda! Hata chakula kakila chini huko huko."

Inspekta alitoa skrubu moja mfukoni. Alikuwa ameifungua kutoka kwenye fremu kwa ruhusa ya daktari. Aliiweka kwenye kiganja.

"Ichukue."

Ngurumo aliinamia kiganja kile. Vidole vyake, vinene kama maboga machanga, viliisukuma skrubu huku, vikaisukuma kule. Ikadondoka. Akapiga magoti kuitafuta vumbini, asiipate, mpaka dereva akateremka kumsaidia.

"Mama, hii ni ya nini? Mimi nakaza nati za lori."

"Basi. Inuka, mwanangu." Alikuwa tayari ameanza kuondoka alipogeuka. "Ule mguu wa benchi, nani aliutengeneza? Nimeona una mbao mpya."

Kwa mara ya kwanza Ngurumo alinong'ona. "Mimi. Nilirudi siku ya pili. Daktari alikuwa amemwekea mama dripu, akakaa naye mpaka jioni. Sikujua niseme nini, nikachukua nyundo. Usimwambie yule binti wa mapokezi, atanicheka."

* * *

Jua lilikuwa limeegemea upande wa magharibi aliporudi zahanati. Benchi lilikuwa limepungua. Inspekta alimwomba binti wa mapokezi akae, akamvutia kiti chake mwenyewe, kisha yeye akaegemea dirisha dogo.

"Tuwaache waliotukana. Nitajie waliosema maneno mazuri."

Binti akacheka. "Mazuri? Afande, hapa mazuri tunayahesabu. Kuna bibi mmoja ananiitaga mkwe. Kuna Mstaarabu, huyo ndiye wa kwanza kwa adabu. Fundi saa yule, anakuja kila wiki na tumbo lake. Haingii bila kubisha, hatoki bila kuaga. Hata leo asubuhi hakuwa na miadi, alipita tu hapa dirishani kutoa pole."

"Pole ya nini?"

"Pole tu. Si watu wanasema pole na kazi?"

"Alisema pole na kazi, au wewe ndiye unayemalizia?"

Binti akatazama dari kama anayesoma kitu kilichoandikwa huko.

"Alisema, 'Mpe daktari pole kwa yaliyomkuta.' Nikajua labda daktari amefiwa na mimi sijaambiwa. Nikaona aibu kuuliza. Kisha foleni ikanichanganya, sikuifikisha."

"Hiyo ilikuwa asubuhi."

"Asubuhi mapema. Daktari alikuwa ndio kwanza anavaa koti."

"Binti yangu, asubuhi mapema daktari alikuwa amekutwa na nini?"

Binti wa mapokezi alitazama mlango wa chumba cha daktari. Mkono wake ulikwenda mdomoni wenyewe.

Pole ni neno dogo, na sisi tunalitoa bure. Tunampa aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyechoka, na hata aliyebeba ndoo tu. Lakini "pole kwa yaliyokukuta" hufuata nyuma ya jambo, haitangulii. Hakuna atoaye rambirambi huku maiti bado anakunywa chai.

Daktari aliposikia jina la Mstaarabu, aliketi. Aliketi kwenye kiti cha mgonjwa bila kutambua.

"Mkewe alikuwa mgonjwa wangu," alisema. "Alikuja na maumivu ya tumbo. Nikampa dawa za vidonda vya tumbo, akarudi nyumbani. Alipozidiwa walimpeleka hospitali kubwa, na huko alifia kwenye meza ya upasuaji. Baada ya maziko mume akaanza kuja. Kila wiki. Anafunua shati, ananionyesha mahali. Ni mahali pale pale alipoonyesha mkewe."

"Amewahi kukutisha?"

"Kamwe. Ananiuliza kama nimelala vizuri. Ananiuliza watoto wangu wanatoka shule saa ngapi, eti mvua isije ikawakuta njiani. Siku nilipogeuza viti, aliangalia, akatabasamu. Akasema, 'Umefanya vizuri, daktari, sasa uko karibu na mlango.'" Alisugua viganja vyake magotini. "Ukiyaandika maneno yake, afande, yote ni wema."

* * *

Kibanda cha fundi saa kilikuwa safi kuliko chumba cha wagonjwa. Saa za ukutani zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, zote zikienda pamoja. Mstaarabu alisimama mara alipomwona mgeni, akampangusia stuli kwa leso yake mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, shati limefungwa vifungo vyote. Mezani kulikuwa na vibano na bisibisi nyembamba kama sindano.

"Karibu, mama. Pole na jua."

"Nimekwishapoa. Endelea na kazi yako, fundi, tutaongea hivyo hivyo."

Aliketi, akarudisha kioo chake jichoni, akainamia saa ya mkononi iliyofunuliwa tumbo.

"Leo asubuhi ulimpelekea daktari pole."

"Ndiyo."

"Kwa yapi yaliyomkuta?"

"Kazi yake, mama. Kuona watu wakifa mikononi mwako si jambo dogo. Yamemkuta mengi yule."

"Mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Nani alikuona?"

"Hizi." Alionyesha saa za ukutani kwa kidevu. "Mimi ni mjane, mama. Mjane haulizwi na mtu amekula saa ngapi."

Inspekta aliiweka ile skrubu mezani. Mstaarabu aliinyanyua kwa kibano mara moja, bila hata kuangalia sana, akaipangusa vumbi, akamrudishia.

"Itunze. Ndogo hivi zikipotea, kitu kizima kinalegea."

"Ukiulizwa kwa kiapo kama uliingia chumba kile leo mchana?"

"Nitajibu kwamba naingia chumba kile kila wiki. Viti vile nimevishika, meza nimeishika, dirisha nimewahi kulifungua mwenyewe kwa ajili ya joto. Ukitafuta alama za vidole vyangu, utazipata mpaka uchoke. Mimi ni mgonjwa pale."

Alisema bila kejeli. Ndilo lililomchosha Inspekta, kwamba hakukuwa na kejeli.

"Fundi. Unamtakia nini yule mama?"

Kibano kilisimama juu ya saa.

"Namtakia maisha marefu," Mstaarabu alisema. "Na akae. Hilo tu. Akae bila mahali pa kukimbilia, na mtu awe mbele yake, amsikilize mtu huyo mpaka amalize. Kuna ubaya?"

"Hilo ni tishio?"

"Ni maombi, mama. Andika kama nilivyosema."

Inspekta aliandika kama alivyosema. Alipotoka, mzee yule alimfungulia pazia na kumwambia aangalie kizingiti, asije akajikwaa.

* * *

Inspekta alirudi zahanati, akapiga simu. Mkuu wa kituo alimsikiliza mpaka mwisho, na safari hii hakucheka, huo ukiwa wema wake.

"Una nini mkononi, Inspekta?"

"Pole iliyotangulia jambo. Skrubu zilizofunguliwa na mkono wa kistadi. Mtu mwenye sababu."

"Nikimpeleka mwendesha mashtaka pole, ataniuliza kosa ni lipi. Nikimpeleka skrubu, ataniuliza imeandikwa jina la nani. Sheria inataka neno baya, au ngumi, au kitu kilichoibwa. Yule mtu amewapa viti na salamu."

"Ninajua."

"Mwambie daktari asimpokee tena."

Daktari alikuwa amesimama karibu, akisikia yote. Alitikisa kichwa.

"Kila wiki analalamika tumbo. Kila wiki nampima, sioni kitu, namwambia uko salama. Siku nikimfungia mlango ndiyo siku atakayokuwa mgonjwa kweli. Na hapo nitasema nini, afande? Kwamba nilimwogopa?"

Inspekta alirudisha simu mfukoni. Alikuwa amefunga majambazi katika maisha yake, na waongo, na mtu mmoja aliyeficha maiti kwenye pipa la maji. Kwa viti na salamu hakuwahi kumfunga mtu.

"Kesho ndiyo siku yake?"

"Kesho."

"Nitakuja nikae nawe."

Daktari alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. Mikono ilikuwa baridi.

* * *

Mstaarabu alifika kwa wakati wake. Alibisha, akaingia, akamsalimia daktari, akamsalimia Inspekta aliyekuwa kwenye stuli pembeni, wala hakuuliza kwa nini yupo. Akalala kitandani, akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja.

"Hapa," alisema.

Daktari alisugua viganja vyake kwanza ili visimshtue kwa baridi. Inspekta aliona jambo lile. Mtu aliyekuwa akimnyima usingizi, na bado alimpashia mikono moto. Kisha akaviweka tumboni, akaanza kubonyeza. Mikono ilizunguka taratibu, ikashuka, ikapanda.

Ikasimama.

Daktari alirudi nyuma kidogo na vidole vyake, akabonyeza tena mahali pale pale. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza hatua za mtu aliye mbali.

"Panauma tangu lini ukilala upande huu?" aliuliza.

"Tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nataka kukwambia."

"Na chakula?"

"Hakishuki."

Daktari alifumbua macho, akamtazama Inspekta. Hofu ya jana haikuwepo tena usoni pake. Palikuwa na kitu kizito zaidi.

"Afande, naomba utupishe."

"Daktari, siwezi kukuacha."

"Ninachotaka kusema ni cha mgonjwa huyu. Si changu, na si chako. Naomba."

"Nenda tu, mama," Mstaarabu alisema akiwa amelala, macho darini. "Nitakuwa na adabu."

Inspekta alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akatoka, akaufunga mlango, akabaki amesimama nje, mkono juu ya kitasa.

Benchi zima lilikuwa likimwangalia. Binti wa mapokezi aliacha kuita majina. Ngurumo alikuwa pale na mama yake, amemshikia mkoba wake mdogo mapajani kama yai, naye akainuka nusu.

Ndani, daktari alikuwa akiongea chinichini. Maneno hayakusikika, ila mwendo wake tu, taratibu, na kusita, na taratibu tena. Kisha akanyamaza.

Kisha ikaja sauti ya Mstaarabu. Hakuna aliyewahi kuisikia ikipanda. Ilipanda sasa mpaka ikapasuka.

"Mbona yeye hukumshika hivi?"

Mama mmoja alimvuta mwanawe karibu. Ngurumo alikuwa amesimama kabisa.

"Niingie, mama?" alinong'ona. "Niseme niingie?"

Inspekta alitikisa kichwa.

"Alikuwa amelala hapa hapa! Mimi nilikuwa nimesimama pale! Hukumshika. Uliandika tu. Mbona yeye hukumshika hivi?"

Haikuwa tusi, wala tishio. Hakuna kifungu cha sheria kilichoandikwa kwa ajili ya swali kama lile. Inspekta alikuwa bado ameshika kitasa, lakini hakukizungusha. Alisimama akisubiri, kama walivyosubiri watu wote wa benchi, kusikia daktari atajibu nini.